Sauti Iliyosubiri Kuitikiwa

Ofisi yetu ipo Soweto, Mbeya, juu ya duka la vifaa vya umeme. Hapo ndipo mwenzangu alipoandika programu ya kuwapigia simu wakulima wa mpunga wa kwao, Madibira, na kuwatajia zamu zao za maji. Sauti alirekodi yake mwenyewe. Alianza na "Kamwene," kisha akaacha kimya, kwa sababu watu wa kwao ukiwasalimia lazima waitikie kwanza ndipo wakusikilize. Nilimcheka sana. Mashine nayo inasubiri kuitikiwa? Akaniambia nikachekee kwetu Tukuyu.

Tulimzika mvua zilipoanza. Mama yake, naye mmoja wa wakulima hao wa mpunga, alinishika mkono makaburini.

"Mwanangu, ile simu msije mkaizima. Bado ananipigia."

Hatukuizima, mpaka mfumo mzima wa kupigia simu ulipobadilishwa. Programu yake ikagoma kufanya kazi na mfumo mpya, na aliyejua kuirekebisha ndiye huyo tuliyemzika. Bosi akaniambia nichague programu ya sauti iliyo tayari, ya kununua na kuchomeka tu. Nilizijaribu zote kwa hasira, nikizitafutia kasoro. Niliyoichukia kuliko zote ndiyo iliyofaa. Mtandao ukisuasua haikati simu, majina ya mifereji inayatamka vizuri, na walioitengeneza ukiwauliza wanajibu. Ila inasoma maandishi kwa sauti yake yenyewe. Rekodi ya mtu haipokei. Nikafikiria mpunga wa watu ukikauka kwa sababu simu haikupigwa, nikaichagua. Roho iliniuma siku nzima. Kile kimya cha baada ya salamu nilikirudisha, na bosi aliponiuliza cha nini, nilimjibu vibaya.

Kabla haijawashwa nilikwenda Madibira kumweleza mama mwenyewe, nikamwekea rekodi ya mwanawe kwenye simu yake. Nilidhani nimempelekea kitu. Akaisikiliza kwa makini, akaitikia salamu, akauliza, "Umekula lakini?" Sauti ikaendelea na habari za maji. Akaiweka simu mapajani.

"Asante, mwanangu," akasema. "Ila hii mpaka niibonyeze mimi. Mwenzio alikuwa ananipigia mwenyewe."