Cheti Mahali pa Barua ya Mwenyekiti

Walisema mlinzi wa mageti aliyerudi kutoka Uarabuni hawezi kusoma sheria ukubwani, nami nikasoma, nikapata stashahada, na kwenye jinai na mwenendo wa mashtaka niliwaacha mbali vijana wa darasa zima (waulizeni), ndiyo maana aibu hii naisimulia kwa shida. Mdogo wangu Okot alikamatwa mtaani Makindye, akidaiwa kumpiga jirani. Mama alikuwa amelazwa hospitali ya Mulago, pumzi zinamwishia, akaniambia, “Wewe ndiye umesoma. Niletee Okot nimwone.”

Ili mshtakiwa apewe dhamana, mdhamini huenda mahakamani na kitambulisho na barua ya mwenyekiti wa LC, baraza la mtaa wake. Nilijua hilo vizuri. Lakini mwenyekiti wetu anauza mkaa, tena ni mmoja wa walionicheka, nikaona sitamwomba chochote (kiburi, ndiyo), nikabeba cheti changu na fremu yake.

“Barua iko wapi?” hakimu akauliza.

“Mheshimiwa, nina stashahada ya sheria.”

Watu wakacheka kidogo, na hapo ningenyamaza, lakini nikaendelea kueleza kwamba mshtakiwa alimpiga yule mtu kweli, ila hakuwa na nia ovu, kama tulivyofundishwa, na mwendesha mashtaka akawa anaandika mbiombio. Okot akanong'ona kutoka kizimbani, “Kaka, mimi nimekana. Nyamaza.”

“Una makazi ya kudumu?”

“Mheshimiwa, mimi nimetembea dunia. Pasipoti ninayo, hata kesho naweza kuondoka.”

Ukumbi mzima ukaangua kicheko, hata askari magereza. Hakimu hakucheka. “Ukiondoka kesho, nani atamleta mshtakiwa? Rudini baada ya wiki mbili, na mdhamini mwingine.”

Mama aliponiuliza, nikamwambia Okot ameshaachiwa, anakuja kesho. Nilimwambia hivyo siku tisa. Siku ya kumi hakuniuliza, alikuwa ameshaondoka.

Shangazi ndiye aliyekwenda kwa mwenyekiti. Barua iliandikwa pale pale, kwa mikono yenye vumbi la mkaa, na mwenyekiti akatuma salamu za pole kwangu mimi.

Okot alitoka tumeshazika. Aliniuliza kama mama alijua kwa nini hakwenda kumwona. Nikamwambia hapana. Akasema, “Basi alikufa akidhani nimekataa kuja.”

Tangu siku hiyo, mahakamani najibu nilichoulizwa tu. Nyumbani, Okot akiuliza mama aliambiwa nini, hata hilo bado linanishinda.