Seli B Zilivyoivuruga Sherehe ya Anti Rhoda

Mkinicheka nitawaelewa, kwa sababu hata mimi nikikumbuka nikiwa kwenye treni hujifanya nakohoa ili abiria wasiuone uso wangu, lakini heri mlisikie kutoka kwangu kuliko kwa watu wa hapa Silver Spring, Marekani, ambao kila wakisimulia wanaongeza chumvi (na hili halihitaji hata punje).

Mimi naitwa Mumbi, mchana nahudumia wazee majumbani kwao, jioni nasomea unesi, na nakaa kwenye besimenti, chumba cha chini ya nyumba, ya Anti Rhoda, dadake mama. Wiki hiyo nilikuwa nangojea mtihani wa kinga ya mwili, na zile seli B, seli za damu zinazopigana na magonjwa, zilikuwa zimekataa katakata kuingia kichwani, mpaka nikapata akili (ndivyo nilivyoiita wakati huo): kila aina ya seli nikaipa mtu wa kanisa letu, nikajirekodi kwenye simu nikieleza, ili niwe nasikiliza nikipika, nikifua, nikingoja basi.

Jumamosi Anti alikuwa anatimiza miaka sitini. Ukumbi wa kanisa ulijaa, pilau ipo, mukimo upo, na kazi yangu mimi ilikuwa muziki, kwa hivyo simu yangu ndiyo iliyounganishwa na spika kubwa kwa Bluetooth. Shemasi wetu, Mzee Kirui, aliposimama kutoa salamu nikazima muziki. Sasa, Mzee Kirui akishika maikrofoni unaweza kwenda Baltimore ukarudi ukamkuta bado anawatambulisha jamaa zake, nikaona nisipoteze wakati, nikatia vidude vyangu vya masikioni, nikajifungia chooni, nikabonyeza rekodi.

Kimya. Nikaongeza sauti. Kimya. Nikaongeza mpaka mwisho, na kwa mbali, kupitia ukutani, nikasikia mwanamke anahubiri, nikajiambia huyu mama naye ana sauti ya kukwaruza, nani amempa maikrofoni? Nikavitoa vile vidude nivipulize vumbi, ndipo nikasikia vizuri.

"Seli za plazma," mama yule alikuwa akisema, "ni Anti Rhoda. Kazi yake ni moja tu, kurusha kingamwili, silaha za mwili, maelfu kwa maelfu, zote za aina ile ile, kutwa nzima: Mumbi taa! Mumbi vyombo! Mumbi taa!"

Nilirukia simu kwa mikono miwili, ikaniponyoka, ikateleza chini ya ubao mpaka choo cha pili, ambacho kilikuwa kibovu na kimefungwa. Mtu mwenye busara angepiga magoti akaivuta. Mimi nikakimbilia ukumbini.

Mzee Kirui alikuwa amesimama na maikrofoni yake, mdomo wazi, huku mimi mwingine naendelea kutoka kwenye spika: "Seli za kumbukumbu ni Mzee Kirui. Adui akipita mara moja tu, anamweka moyoni miaka na miaka, siku akirudi anashambuliwa kabla hajavua koti. Muulizeni yule aliyemgongea gari."

Watu wakaanza kucheka, na mimi napenya katikati ya viti kutafuta waya wa umeme wa spika, samahani mama, samahani baba, nikamwaga soda ya mtu.

"Na seli B changa, ambayo haijakutana bado na kijidudu chake, ni Kevin, kijana wetu wa kanisani asiye na mchumba. Inazunguka tezi kwa tezi ikimngojea yule mmoja tu anayeifaa, na ikimkosa inakufa hivyo hivyo. Lakini huyu," (hapo kwenye rekodi nilicheka kicheko fulani, ee Mungu wangu) "kijidudu chake kiko karibu sana. Kinakaa besimenti."

Nikaung'oa waya. Ukumbi mzima ukanigeukia, na mtoto mmoja akauliza kwa Kiingereza kijidudu ni nini, mamake akamziba mdomo.

"Mumbi," Anti Rhoda akasema polepole. "Hizo seli zangu. Mtu akizikosa?"

"Anaugua kila ugonjwa unaopita, Anti. Kinga inabaki haina silaha."

"Rudia kwa maikrofoni."

Nikarudia kwa maikrofoni. Akaitikia kwa kichwa, ameridhika, kisha akauliza, mbele ya watu wote, kama taa ya besimenti nimeizima. (Sikuwa nimeizima.) Mzee Kirui hakucheka. Aliniangalia tu, akasema, "Mimi hili sitalisahau," na hata hakuelewa kwa nini meza nzima ya wazee iliangua kicheko.

Baadaye nikiwa naosha masufuria jikoni, ambako nilijificha, Kevin akaja, mpole kama kawaida yake. "Na hiyo seli ikikutana na kijidudu chake," akauliza, "inakuwaje?"

"Inaamka," nikasema, macho chini. "Inapata msaada wa seli T, inagawanyika, inazaa za plazma na za kumbukumbu. Haiwi changa tena."

"Basi ni kweli kabisa," akasema. "Mumbi, huyu ni Faith. Tulikuwa tunangoja Mzee amalize tutangaze uchumba."

Faith akanipa mkono. Wangu ulikuwa na povu la sabuni.

Mtihani nilifaulu, swali la seli B nililipata lote, na bado sina wa kumsimulia bila kuona haya. Lakini nimeapa sitatumia tena majina ya watu. Seli T nimezisoma kwa majina ya mitaa ya mji wa Herndon, ng'ambo ya mto, ambako simjui mtu yeyote, na nilizisoma kwa kunong'ona.