Pumzi ya Mama Mkwe

Kazi yangu ni kuwapigia watu dramu. Sina bendi, sijawahi kuwa na bendi, na mtu akiniuliza bendi yako inaitwaje huwa nakasirika kabla hajamaliza swali. Mimi huitwa. Simu inalia Kitale, prodyusa anasema kesho njoo, kuna rumba, au kuna injili, au kuna jamaa wa rege wa Moi's Bridge ambaye mpigaji wake amegombana naye. Nabeba begi langu la vijiti, pedeli na matoazi, naenda. Jumamosi harusi, Jumapili asubuhi kanisa la watu wanaoruka, mchana kanisa la watu wasiotaka hata mguu utikisike. Kila mahali nageuka mtu mwingine. Ukiringa wanamwita mwenzako.

Watu hudhani kazi hii ni mikono. Ni macho. Mwimbaji kabla ya kuimba lazima avute pumzi, na akivuta, bega linapanda kidogo, shingo inajikaza. Ukiliona hilo bega unajua pigo litue wapi. Nyimbo nyingi nilizorekodi sikumbuki hata neno moja, lakini mabega ya walioimba nayakumbuka.

Sasa, sisi watu wa Bungoma tuna mambo yetu. Mimi nimezaliwa Kitale, nimekulia karibu na mtaa wa Kipsongo, lakini baba ni wa Bungoma na mke nilimtoa upande wa Chwele. Kwetu mwanamume na mama mkwe wake hawapeani mkono. Hawakai chumba kimoja, hawali meza moja, hawaangaliani usoni, na wakikutana njiani mmoja anatoka kando. Si chuki bana, ni heshima, tena nzito kuliko ile unayompa mama aliyekuzaa. Wapo walioiacha, siku hizi wanapiga picha wamekumbatiana na wakwe zao. Wa kwetu hawajaiacha. Tangu nioe, mama mkwe nilimjua kwa mgongo, kwa leso, na kwa sauti yake ikitoka jikoni akiimba.

Prodyusa wa Bungoma aliponipigia simu alisema tu, "Kwaya ya akina mama, njoo asubuhi." Studio yake iko nyuma ya duka la nafaka, karibu na msikiti, na amebandika trei za mayai ukutani kuzuia mwangwi. Chumba chenyewe ni kidogo, mkiwa watu wanne mnapumuliana. Nilikuwa nimeinama nafunga pedeli niliposikia akina mama wakiingia kwa vicheko. Nikainua kichwa. Huyo hapo, kitenge cha kwaya, kitambaa kichwani, mama mkwe wangu mzima mzima.

Nilishikwa na joto mpaka masikioni. Nikaangalia chini haraka, nikaona miguu yake imesimama, kisha ikageuka na kutoka nusu mbio. Vicheko vikakatika. Nilitamani sakafu ipasuke inimeze na dramu zangu.

"Kuna nini?" prodyusa akauliza. Ni mzaliwa wa Pwani, fundi mzuri, ila mambo yetu mengine hayajui.

"Yule ni mama wa mke wake," akasema mwenyekiti wa kwaya, mama wa sauti ya amri. "Hawawezi kukaa humu pamoja."

"Si ni mama tu? Amwamkie, kazi iendelee."

Nilimwambia kama haelewi anyamaze, na sikumwambia kwa upole. Nikaanza kufungua matoazi niondoke. Mwenyekiti akatoka nje, tukamsikia akinong'ona na mtu huko kwenye stoo ya mahindi, halafu akarudi. Mama mkwe wangu ndiye alikuwa sauti ya kwanza ya kwaya nzima, wengine wote walikuwa wa kuitikia tu, kwa hiyo bila yeye hakuna wimbo. Na siku hiyo hapakuwa na mpigaji mwingine wa kuitwa, wote walikuwa kwenye mkutano wa siasa.

"Mama amesema aimbie huko stoo," mwenyekiti akatangaza. "Mtu wa ngoma akae hapa, mlango ufunikwe leso. Amesema kilichokatazwa ni macho na mikono. Masikio hayakutajwa."

Akina mama wakacheka kwa aibu. Mimi sikucheka. Masikio hayakutajwa kwa sababu wazee waliopanga mambo hayo hawakujua iko siku kutakuwa na hedifoni. Prodyusa alivuta waya mrefu wa maiki hadi stoo, akamweka mama katikati ya magunia, mlangoni wakatundika leso mbili, nami nikavaa hedifoni zangu. Mara nikamsikia. Si sauti tu. Nilisikia akimeza mate, nilisikia kitenge kikigusana na gunia, nilisikia pumzi yake ndani kabisa ya sikio langu, karibu kuliko mke wangu anavyolala. Jasho likanitoka. Ati heshima, na huku namsikia mama wa watu akipumua.

Tukaanza, na ikawa aibu tupu. Bila bega la kuangalia nilikuwa kama mtu anayeshuka ngazi gizani. Nampa nafasi ya kuingia, haingii. Nikiendelea, anaingia nimeshapita. Prodyusa akaniwekea kliki, ule mlio wa kuhesabu mapigo unaotiwa masikioni ili watu wote waende sawa, nikaishika, lakini mama, aliyesikia dramu kupitia leso tu, hakuweza kuifuata. Kila mstari alichelewa kidogo, na kila mara kiasi tofauti. Tukarudia. Tukarudia tena. Stima ikaanza kufifia na kuwaka, jambo ambalo kwa mtu wa studio ni kama kuona moshi darini. Mwenyekiti alinitazama kana kwamba mimi ndiye nashikilia nyaya za stima.

Nikachoka. Nikatupa vijiti juu ya snea, ile ngoma ndogo ya mbele. "Mama hayuko tayari," nikasema kwa sauti ya kutosha kuvuka leso. "Afanye mazoezi na kliki nyumbani. Tutarudi mwezi ujao."

Prodyusa naye alikuwa amechoka, akakubali. Akatoka kwenda kumwuliza mwenye duka habari za stima, akina mama wakatoka nje kupunga hewa, mwenyekiti akaenda stoo kumpa mama habari. Maiki ilikuwa bado wazi, na mimi nilikuwa bado na hedifoni kichwani. Nilikuwa nagongagonga ukingo wa snea kwa kidole, hasira tu.

"Mwezi ujao sitakuwa na sauti," mama mkwe akasema.

Mwenyekiti akauliza kwa nini.

"Hili rovu limeanza kuniziba njia ya hewa. Wiki ijayo wananikata. Daktari amesema mshipa wa sauti uko hapo hapo, wanaweza kuugusa, hawezi kuniahidi kitu. Nilitaka nirekodi kwanza."

"Na watoto wanajua?"

"Huyu wa Kitale hajui, na usimwambie. Amejifungua juzi, atakuja mbio na kichanga. Na wewe unajua kulia kwake."

Huyu wa Kitale ni mke wangu. Kidole changu kiliganda juu ya snea. Kumbe kile nilichokiita kutokuwa tayari kilikuwa uvimbe umemkaba koo, na mimi hapa nampigia kelele za kliki. Nilijisikia mjinga, halafu nikaogopa, woga wa kweli, kwa sababu stima ilififia tena na nikajua hakuna siku nyingine.

Nilitoka hadi mlango wa nje nikamwita prodyusa. Nikamwambia rudi, zima kliki, tunarekodi sasa hivi, na haijalishi ikitoka imepinda.

"Umesema mwenyewe mwezi ujao."

"Nimesema. Sasa nasema rudi."

Akina mama wakarudi ndani, mwenyekiti akamwambia mama tunaendelea, nami nikarudi nyuma ya dramu nikafumba macho. Kila alipotaka kuimba, kabla ya pumzi kulikuwa na kamlio kembamba kooni, hewa ikijipenyeza mahali pembamba. Mwanzoni nilikuwa nikikaona ni uchafu wa rekodi. Sasa nikakashika. Kamlio, pumzi, ndipo nashusha mguu. Kakichelewa nami nachelewa. Kama akiishiwa katikati ya mstari, narefusha kwa toazi mpaka arudi. Ubeti wa kwanza ukapita, wa pili ukapita, akina mama wakaitikia, na sijawahi kupiga polepole hivyo na mwili ukiniuma kwa kukazana.

Ubeti wa mwisho akakohoa, nikafumbua macho. Prodyusa akainua mkono asimamishe. Nilimtolea jicho, akaushusha. Nikaendelea kupiga kidogo tu, ukingoni mwa snea, nikizunguka palepale, na katika hedifoni nilisikia akipigana na kikohozi chake, akipumua, akikosa, akipumua tena. Akina mama wakashikana mikono. Nilikuwa nikisema moyoni, pole pole mama, niko hapa, siendi popote. Kisha kamlio. Nikashusha mguu, naye akaingia, akapanda mpaka kule juu ambako alikuwa hajafika asubuhi yote, akakaa huko, akashuka na kumaliza.

Mama ndiye aliyezungumza kwanza, maiki ikiwa wazi. Hakuzungumza nami, alimwambia mwenyekiti. "Mwambie mtu wa ngoma kwamba nilisikia alivyoacha kugonga tulipokuwa tunaongea. Alichosikia kikae humo humo masikioni."

Hakikukaa. Nilifika Kitale mke wangu akimwogesha mtoto kwenye beseni, akaniuliza kazi ilikuwaje, nikamwambia yote kabla sijavua viatu. Mimi sijui kubeba kitu kama hicho, na mama yake akinikasirikia, basi. Alilia kama alivyotabiriwa, akamfunga mtoto mgongoni, kesho yake akaenda.

Upasuaji ulikwenda salama. Rovu lilitoka, anapumua vizuri, na tunamshukuru Mungu. Ila sauti haikurudi. Amebakiwa na mnong'ono, na ili umsikie ni lazima usogeze sikio karibu na mdomo wake.

Tulikwenda kumwona. Yeye alikaa ndani sebuleni, mimi nikawekewa kiti nje ukutani, upande wa dirisha, nisikoweza kumwona. Majirani waliingia mmoja mmoja wakainama kumsikiliza. Watoto walipanda mapajani wakatega masikio. Nilisikia vicheko baada ya kila mnong'ono, lakini mnong'ono wenyewe haukunifikia hata mmoja. Mke wangu alikuwa ameshanieleza kwamba mama ule wimbo hautaki, wakiuweka kwenye simu anainuka na kwenda shambani. Hajausikiliza tangu siku ile.

Mke wangu akaja akasimama mlangoni, nusu ndani, nusu nje.

"Mama anakuuliza," akasema, na sauti yake ilikuwa inatetemeka. "Anasema wewe ndiye ulikuwa na hedifoni. Sauti yake ilikuwaje?"

Nilitaka kumpa jibu ampelekee, nikamwona hawezi. Basi niligeuza uso kuelekea ukuta, nikapaza sauti, nikaongea na mama mkwe wangu mwenyewe kwa mara ya kwanza.

"Ilikuwa nzuri, mama," nikasema. "Ilikuwa imejaa. Haikukosa kitu."

Mke wangu akaingia, nikamwona kupitia mlango akipiga magoti na kuinamisha kichwa, akakaa hivyo kwa muda mrefu akisikiliza. Alipotoka nilimuuliza mama amesema nini, akajaribu kunieleza, kilio kikamzuia.