Matairi ya Kumfikisha Mama Mubi

Dada yangu mkubwa alijifungua kwa kupasuliwa. Habari ilipotufikia kwa simu, Mama alisikiliza mpaka mwisho, akauliza kama mtoto ananyonya, akamshukuru Mungu, halafu akamgeukia Papa na kumuuliza kama gari letu linaweza kufika Mubi, kwa dada, na matairi yale.

Papa alitoka nje kuyatazama, ingawa alikuwa anayajua.

Tunakaa kwenye vilima vya Masisi, juu kidogo ya Mushaki, tunalima viazi na kufuga ng'ombe wachache. Yaya, ndivyo tunavyomwita dada huyo, aliolewa mbali, ndani ya msitu wa Walikale, kwa watu wanaolima ndizi na mihogo na ambao babu zao walikuwa wawindaji. Kutoka kwetu mpaka kwake ni siku mbili njia ikiwa na huruma. Pikipiki hufika haraka zaidi, lakini Mama aliwahi kuanguka na pikipiki, na tangu siku hiyo mgongo wake hauvumilii kiti kisicho na pa kuegemea. Kwa hiyo ilikuwa gari, au abaki nyumbani. Na Yaya alikuwa na kidonda tumboni, haruhusiwi kuinua ndoo wala kuinama, na kwenye simu alikuwa amemwomba aje kwa maneno mawili tu: "Mama, ukuye."

Gari lenyewe ni lile la nyuma ndefu ambalo kwetu huitwa break. Limenizidi umri. Limebeba viazi, maharusi, ndama mgonjwa na jeneza la bibi yangu. Papa alipolinunua lilikuwa la kijivu. Sasa rangi yake ni ya barabara. Matairi yake yalikuwa yameisha kiasi kwamba ukipitisha kiganja juu yake hukwami popote.

"Weye njo ulisoma," Papa aliniambia jioni ile. "Ile mapine iko na maandishi mingi. Soma, utuambie tuweke gani."

Nilikuwa na diploma ya chuo kikuu ndani ya bahasha ya plastiki, na sikuwa na kazi. Hiyo ilikuwa kazi ya kwanza niliyopewa na mtu aliyeamini kabisa kwamba ninaiweza, na kwa sababu hiyo ilinitia hofu kuliko mtihani wowote. Nilifungua mlango wa dereva, nikafuta kibandiko kidogo kilichokuwa na vumbi la miaka, nikakuta 175/70 R14. Nilipanda kilimani panaposhika mtandao nikajifunza maana yake: 175 ni upana wa tairi kwa milimita, 70 ni urefu wa ubavu wake, asilimia sabini ya upana huo, 14 ni inchi za janti, yaani chuma kinachobeba tairi. Nikaandika yote. Kisha nikaanza kuwaza.

Tairi jembamba, wanasema, hukata tope mpaka likute ardhi ngumu. Tairi pana huelea juu ya tope, mpaka lisipoelea tena. Lipi litamfikisha Mama? Huko mbali watu huweka matairi ya baridi, halafu wakiona joto wanayatoa na kuweka mengine. Kwetu msimu haubadiliki kwa mwezi, unabadilika kwa kona. Asubuhi unateremka Mushaki kwenye vumbi, saa nane uko kwenye utelezi, na ukiingia msituni mvua haiulizi kama ni kiangazi. Tulihitaji aina moja ya tairi ya kuvumilia yote hayo, kwa pesa ya ndama mmoja.

Nilichojali kuliko vyote ni tumbo la gari. Njia ya Walikale ina mawe katikati, mahali malori yamechimba pembeni. Nikapiga hesabu: 195/70 ingelinyanyua gari letu milimita kumi na nne. Ni unene wa kidole. Lakini nilijiambia kwamba kidole hicho ndicho kitakachokuwa kati ya jiwe na safari ya Mama, na nikaacha kufikiria kitu kingine.

Bei ya mapya ilikuwa mara mbili ya pesa yetu. Kwa hiyo nilishuka Goma, mtaa wa Birere, kwa wauzaji wa okazio, matairi yaliyokwisha kutumika Ulaya. Muuzaji niliyemwendea alikuwa kijana wa umri wangu, amekaa juu ya rundo la bidhaa yake kama mtu aliye kwenye sofa. Alinitazama nikitoa daftari.

"Dada, uko inspekta?"

"Hapana. Natafuta ya misimu yote."

"Basi ona iyi." Aligeuza tairi moja, akanionyesha herufi M na S ubavuni. "Unajua maana yake?"

Nilijua. Nilikuwa nimesoma kwamba ni matope na theluji. Nikaanza kumweleza, akanikatiza kwa mkono.

"Theluji iko wapi hapa? M ni Masisi, S ni Sake. Balitutengenezea sisi."

Rafiki zake wakacheka, na mimi nikacheka kwa mara ya kwanza tangu simu ya Yaya. Hata hivyo nilikagua kila moja. Nilitafuta tarakimu nne zinazoonyesha juma na mwaka wa kutengenezwa, nikaingiza sarafu kwenye mifereji kupima kina chake, nikakunja ubavu kuona kama mpira umepasuka. Alinivumilia. Nilirudi Mushaki juu ya lori lililopanda tupu kuchukua kabichi, na matairi manne ya 195, nikiyashika kwa mikono miwili kama vile yangeruka.

Fundi wa matairi pale Mushaki ni mzee mmoja mwenye pampu, nyundo mbili na kiti cha gari kisicho na gari. Aliyafunga yote. Nikaketi kwenye usukani, nikazungusha kushoto mpaka mwisho, kulia mpaka mwisho. Hakuna kilichogusa. Gari lilisimama juu, lina kifua. Mama alikuwa amekuja kuona, alipiga makofi kidogo, akasema, "Kesho kutwa tutaenda."

Ndipo fundi akauliza, "Safari muko bangapi?"

"Sita," alisema Papa. Yeye, Mama, shangazi yangu, mimi, na majirani wawili waliokuwa wameomba nafasi mpaka Walikale mjini.

"Na muzigo?"

"Viazi magunia matatu. Na fromage ya kupelekea bakwe." Hakuna anayekwenda kwa wakwe mikono mitupu, na hakuna anayetoka Masisi bila jibini.

Fundi akanigeukia. "Na weye ulipima gari na nani ndani?"

"Mimi mwenyewe."

"Peke?"

"Peke."

Akageukia barabara, kwa wanawake waliokuwa wanauza viazi na karoti upande wa pili. "Ba Mama! Mukuye hapa mupande gari! Bure!"

Walikuja wakicheka, wakifuta mikono kwenye vitenge. Watatu wakaingia nyuma, mmoja mnene akapewa kiti cha mbele kwa heshima, na magunia ya viazi yao wenyewe yakapakiwa kwenye mkia wa gari. "Twende Kisangani!" mmoja alipiga kelele. "Dereva, weka muziki!" Break likashuka polepole, kama ng'ombe anayekubali kulala.

"Zungusha," fundi aliniambia.

Nikazungusha kulia. Krrr. Tairi lilikuwa linasaga bati la juu ya gurudumu. Kushoto, krrr. Nyuma hakukuwa na nafasi hata ya kuingiza ukucha.

"Mademoiselle alipima gari ya malaika," alisema yule mwanamke wa kiti cha mbele. "Malaika habana kilo."

Kicheko kilisikika mpaka kanisani. Mimi sikucheka. Nilishika usukani nikamtazama Mama kwenye kioo. Alikuwa bado amesimama kando ya barabara na mkoba wake mkononi, kwa sababu alikuwa amekwisha kuanza kufunga vitu. Nilikuwa nimehesabu mawe, tope, mvua, herufi, na umri wa mpira. Sikuwa nimehesabu watu. Mimi, niliyezaliwa kwenye nyumba ambayo gari hilo halijawahi kutoka likiwa na mtu mmoja!

"Tukate bati?" Papa aliuliza.

"Ukikata, kutu itamaliza mulango," fundi alijibu. Alichuchumaa, akaweka kiganja ubavuni mwa tairi, akafikiri. "Hii imezidi kidogo tu. Ile ya zamani nayo ilikuwa fupi kwa njia ya Walikale. Tafuta ya katikati. Mia na makumi nane na tano. Herufi zile zile, kimo nusu."

Nilimwambia kwamba nimeharibu kila kitu, kwamba muuzaji hatakubali, kwamba Mama hatafika. Nilisema haraka haraka, kama ninavyosema ninapoogopa. Mzee alisikiliza mpaka nikaishiwa pumzi.

"Binti, gari imekataa hapa, mbele ya nyumba," alisema. "Ingekataa mbele ya tope, njo ungelia. Enda Goma."

Mara nyingi tangu siku hiyo nimefikiria sentensi hiyo, na kila mara namshukuru. Angeweza kupokea malipo yake akatuachia twende. Hatukuwa tumemwomba ajaribu chochote.

Kesho yake asubuhi nilishuka tena na matairi manne. Njiani nilitunga hotuba, na hotuba ya pili kama ya kwanza ikikataliwa. Muuzaji hakungoja hata moja. Aliyatazama, akaona hayana hata tope.

"Yalikataa?"

"Yanagusa gari likibeba watu."

"Sasa, dada, gari yenu haikubebaka watu?"

Alikuwa na matatu tu ya 185/70 yenye herufi zile. La nne lilikuwa na mifereji mingine kabisa. Niliposema kwamba pengine tunaweza kuvumilia, alinitazama usoni, na nadhani aliona kwamba sitavumilia, kwamba nitaliwaza lile la nne mpaka Mubi. Mvua ilikuwa imeanza. Alijifunika nailoni kichwani akasema, "Tuende." Tukazunguka kwa wauzaji wenzake, mmoja baada ya mwingine, yeye akiita, mimi nikisoma namba kwa mwanga wa simu chini ya mabati. Kwa wa sita tulilipata, chini kabisa ya rundo. Alisaidia kulishusha rundo zima na kulipanga upya. Nilipomuuliza nimwongeze nini, alisema, "Umusalimie Mama."

Fundi alipokwisha kuyafunga pale Mushaki, wanawake wa viazi walivuka barabara bila kuitwa. Safari hii walikuwa watano, na mmoja alidai kiti cha mbele kwa zamu. Magunia yakapakiwa. Nikazungusha kulia mpaka mwisho, kushoto mpaka mwisho, nikasikiliza. Hakuna sauti. Fundi akapitisha kiganja chake kikiwa kimelala, kati ya tairi na bati, nyuma na mbele, pande zote mbili.

"Mukono inapita," alisema. "Mama atapita."

Tulitoka alfajiri ya siku iliyofuata. Yalikuwa majuma ya utulivu kidogo, vita vikiwa mbali na njia ikiwa wazi, na Papa hakutaka kupoteza hata saa. Tulipita Masisi mjini, tukapanda, tukateremka, baridi ikabaki nyuma na miti ikatukaribia. Mara mbili jiwe lilikwaruza tumbo la gari, na mara zote mbili nilifumba macho; Papa aliendelea tu. Siku ya pili, kabla ya Walikale mjini, tulikuta mlima mfupi mwekundu ambapo lori lilikuwa limelala kwa ubavu, na mvua ya usiku bado inachuruzika. Sote tulishuka isipokuwa Mama na Papa. Papa aliingiza gia ya kwanza, na break likapanda taratibu, likiteleza mkia kushoto, likijirudisha, tope likiruka kutoka kwenye mifereji ile niliyokuwa nimeipima kwa sarafu. Nilikimbia pembeni miguu mitupu, sijui kwa nini, nimeweka mkono kwenye bati kana kwamba nalishikilia. Juu kabisa Mama alitoa kichwa dirishani.

"Muko munakawia," alisema. "Mutoto anangoja."

Tulifika Mubi alasiri. Tulipita katikati ya maduka na pikipiki na malori ya madini, mpaka nyuma kabisa, kwenye nyumba ya mbao ya shemeji. Mama hakungoja kufunguliwa mlango wa gari. Aliingia, akaomba maji na sabuni, akanawa mikono mpaka kwenye viwiko. Yaya alikuwa amekaa kitandani, ameegemea ukuta, mtoto mkononi, macho mekundu ya mtu ambaye hajafunga macho kwa siku nyingi. Alitaka kuinuka. Mama akamzuia kwa kiganja kifuani, akamchukua mtoto, akamweka begani.

"Sasa lala," alimwambia.

Yaya alisema hana usingizi. Alianza kuuliza habari za nyumbani, za ng'ombe, za njia, na katikati ya swali akalala, mdomo wazi. Papa alitoka kwenda kushusha viazi, akiyaweka magunia chini polepole sana, na mimi nikabaki mlangoni, nikimsikiliza Yaya anavyopumua.