Mlinzi wa Ukingo wa Msitu

Watu walimwita Kigingi, naye hakuchukia. Kwa miaka thelathini na mbili alikuwa mlinzi wa msitu, na kazi aliyoipenda kuliko zote ilikuwa kukagua vigingi arobaini vya chuma vilivyosimama pale miti inapoishia na nyasi kuanza. Mkewe alizoea kutania kwamba yeye ni mke wa pili, mke mkubwa ni vigingi.

Mlima wenyewe ulikuwa na sura mbili. Upepo wenye unyevu uliupiga upande mmoja, ukapanda, ukapoa, ukamwaga mvua yake yote huko. Ndiko msitu ulikoshonana. Upepo ukishavuka kilele ulishuka mikono mitupu, na upande huo palimea nyasi tu. Miti iliyothubutu kuvuka iliishi kwa ukungu wa asubuhi.

Kila kiangazi kilipoanza, walinzi walizichoma nyasi mapema kabla hazijakauka sana, ili moto mkubwa usije ukazuka baadaye. Hawakufyeka njia ya kuzuia moto. Wawili waliwasha chini, na wengine walikaa juu, hatua chache ndani ya miti, kuusubiri moto uje kufia mbele yao kwenye majani mabichi. Kigingi alikuwa akinywa chai huku akiutazama unavyozimika. Jeuri ya mazoea hiyo!

Lakini ukungu ulianza kuchelewa, kisha kukosekana kabisa. Mwaka mmoja alikuta kigingi cha saba kimebaki peke yake nyasini, miti imerudi nyuma hatua nne. Alikuna kichwa. Kazi ya kigingi ni kukaa ukingoni, akajiambia. Akaking'oa, akakipigilia penye miti, na kwenye daftari akaandika: "Vigingi vyote viko ukingoni, mpaka haujasogea." Mwaka uliofuata alihamisha sita. Aliona aibu kusema kwamba msitu umemfia mikononi, basi akaendelea hivyo miaka kumi na mmoja, hadi alipostaafu na kumkabidhi daftari binti yake, aliyeajiriwa katika nafasi ile ile.

Wiki moja kabla ya siku ya kuchoma, Kigingi alipanda mlimani kutembea tu. Akakuta nyasi zimeingia chini ya miti yenyewe, kavu, zimefika magotini. Alikusudia kumwambia binti yake. Jumapili walikula pamoja, wakacheka, naye hakumwambia.

Asubuhi ya siku yenyewe upepo wa joto ulivuma tangu alfajiri. Kigingi alisimama dirishani, chai yake imepoa.

"Unaukodolea macho mlima tangu kulipokucha," mkewe alisema. "Kama una neno na mtoto, si umpigie?"

Akapiga.

"Mwanangu, msichome leo. Mpaka umesogea."

"Baba, daftari lako linasema haujasogea hata kidogo. Tena ni mwandiko wako."

"Nilikuwa navihamisha vigingi. Kila mwaka. Mimi mwenyewe, mwanangu."

Kwenye simu zilisikika sauti za watu wakiitana kwa mbali, na mlio wa kitu kikipasukapasuka.

"Wameshawasha huko chini," binti alisema. "Sisi tuko ndani ya miti, tunasubiri kama ulivyonifundisha. Nyasi zimetufika magotini, baba. Nilidhani ndivyo kulivyo siku zote."

"Ondokeni hapo! Pandeni juu, mwelekee upande wa mvua!"

"Hadi wapi? Miti mibichi inaanzia wapi?"

Mkewe aliiweka sahani aliyokuwa akiifuta na kumtazama. Miaka yote hiyo Kigingi alikuwa ameishia kwenye mti wa kwanza, akapigilia, akaandika, akageuka kurudi nyumbani.

"Baba, moto unakuja. Niambie, ni mbali kiasi gani?"

"Sijui, mama," alisema. "Sijui."