Mwalimu Melkizedek na Darasa la Adabu

Enzi za Mwingereza, kwenye kambi moja ya mkonge nje ya Kimamba, Mwalimu Melkizedek alikuwa akifundisha watoto wa wakata mkonge. Akiwafundisha nini? Adabu! Kila asubuhi shikamoo, mmoja mmoja, na aliyeamkia kwa sauti ndogo alirudia mpaka aitikiwe marahaba. Halafu kukagua kucha, halafu masikio, halafu namna ya kumpisha mkubwa njiani. Na zaidi ya yote, usiseme uongo hata ukichapwa. Jua likishapanda, yeye hoi, watoto hoi, na herufi hata moja haijaandikwa ubaoni.

"Tabia kwanza," alikuwa akisema huku akijifuta jasho. "Kusoma kutakuja tu."

Kungetoka wapi huko kusoma? Au kungeletwa na treni?

Basi ikaja habari kwamba mkaguzi wa shule yuko njiani kutoka Morogoro. Shule isiyosomesha inafungwa, mwalimu wake atajijua. Na kazi nyingine pale ilikuwa moja tu, kukata mkonge. Melkizedek aliwahi kuifanya kabla padri hajamtoa huko, na makovu ya miba alikuwa nayo bado. Akachukua ukurasa wa kwanza wa kitabu cha kusomea, akawakaririsha watoto wote mpaka wakawa wanauimba hata wakichota maji.

Mkaguzi akafika, uso mwekundu, na Kiswahili chake cha kuagizia chai. Akamchagua Raheli, binti wa mkata mkonge. Raheli akashika kitabu, akatiririka bila kukwama. Mkaguzi akafurahi, akamfunulia ukurasa wa pili. Raheli akaendelea na maneno yale yale ya ukurasa wa kwanza! Mzungu wa watu hakutambua kitu, akawa anaitikia kwa kichwa tu.

Mtoto angenyamaza, mambo yangeishia hapo. Lakini alikuwa amefundishwa, akafundishika. Akafunga kitabu, akainamisha macho, akasema harakaharaka, "Samahani bwana, kusoma hatujui. Mwalimu ametukaririsha."

Mkaguzi akageuka. "Mwalimu, hii toto nasema nini?"

Darasa zima likamkodolea macho Melkizedek. Akaliona panga la mkonge waziwazi.

"Anakushukuru kwa kuja, bwana."

"Ah! Tabia zuri sana!" Mkaguzi akampigapiga Raheli begani, akatangaza kuwa shule itabaki na mwalimu wake atabaki, akapanda gari lake.

Melkizedek akarudi mbele ya darasa, akikohoakohoa. Raheli akanyoosha mkono.

"Mwalimu, sasa utatufundisha kusoma?"

Alitafuta hasira ya kumkemea, asiipate. Aibu ilikuwa imemjaa mpaka masikioni, jamani.

"Kesho," akasema. "Kweli kabisa, tutaanza kesho."

Watoto wakatazamana. Hakuna hata mmoja aliyemsadiki.