Ringi za Bwana Mita

Jirani yangu wa ukuta mmoja alikuwa msoma mita za maji. Maisha yake yote ya kazi aliingia nyua za watu, na sidhani kama kuna aliyewahi kumkaribisha ndani. Ndivyo kazi ile ilivyo. Unabisha hodi, unainama, unafuta vumbi kwenye kioo cha mita, unaandika, unaondoka, na mbwa anakusindikiza kwa matusi yake. Mtaa mzima tulimwita Bwana Mita. Hakuoa. Alifunga vifungo vya shati mpaka kooni hata jua likiwa la kukaanga, na nikisema alikuwa mkimya sitii chumvi: salamu yake ilikuwa neno moja, tena alilitoa kwa taabu kama anang'olewa jino.

Mimi ni mshonaji, mjane, na cherehani yangu iko upande wa pili wa ukuta ule. Zamani aliwahi kuugonga ukuta kwa sababu ya kelele zangu. Aligonga mara moja tu, tena kistaarabu, lakini mimi nami ni mtu wa kununa. Nikanuna. Tukaishi hivyo, yeye na kimya chake, mimi na mdomo niliouvuta, tukipishana bombani kama watu wasiojuana.

Alipostaafu ndipo alipoitoa pikipiki ya marehemu baba yake chini ya turubai, nyuma ya nyumba. Ilikuwa ya zamani, ya silinda mbili, na ilikuwa imetelekezwa mpaka magurudumu yakazama udongoni na panya wakazaliana ndani ya ekzosi. Injini ilikuwa imejamu, kiki haishuki hata uikanyage kwa miguu yote miwili. Akaifungua injini, akaipeleka sebuleni kipande kwa kipande.

Tangu hapo ukuta ukaanza kuongea. Nilisikia spana ikianguka, nilisikia brashi ya waya ikikwangua kutu, na nilimsikia yule bubu mwenyewe akiibembeleza nati: "Njoo, mama. Njoo taratibu. Haya, usinifanyie hivyo." Nilikuwa nasimamisha cherehani ili nisikilize. Sioni haya kusema. Mume wangu amekufa, binti zangu wameolewa mbali, na kutwa nzima ile ndiyo sauti pekee ya binadamu niliyokuwa nayo. Akinyamaza sana nilipata wasiwasi, nikawa naenda kuosha sufuria iliyokwisha kuoshwa, karibu na ukuta.

Asubuhi moja akabisha hodi kwangu. Mikono yake ilikuwa imejaa oili, ameishika mbali na shati.

"Mama Cherehani," akasema, "naomba vidole."

"Vidole?"

"Vyako. Kuna kazi ya mikono minne."

Nikajifanya nina shughuli, nikatafuta mkasi ambao ulikuwa mkononi mwangu. Kisha nikamfuata.

Sebule yake ilikuwa na kiti kimoja, kikombe kimoja na sahani moja iliyofunikwa. Meza ilikuwa moja pia, na injini ndiyo iliyokaa juu yake, kwenye kitambaa safi, mkao wa mwenye nyumba. Nadhani Bwana Mita alikuwa akila amesimama. Nilipoona kile kikombe nilitamani nirudi kwangu nikalie kidogo, lakini nilikuwa nimeshaingia.

Akanieleza. Pistoni mbili zimesimama bega kwa bega, na bloku, lile pande la chuma lenye matundu mawili, inashushwa juu yake, zote mbili ziingie. Ila kila pistoni imevaa ringi za chuma, na ringi hupenda kujitanua. Lazima mtu azibane kwa vidole huku mwenzake anashusha.

"Umejaribu peke yako?"

"Nimejaribu." Akanionyesha ringi iliyokatika vipande viwili. "Hazipindi hizi, zinavunjika kama biskuti. Nilizovalisha sasa ndizo za mwisho. Nimewamaliza mafundi wote kwa kuuliza; za pikipiki ya umri huu hazipatikani tena. Moja ikikatika, basi."

"Haraka yote hii ya nini?"

"Nahama," akasema. "Dada yangu amebaki peke yake kwetu. Anataka nirudi tuzeeke pamoja. Nikienda na basi nitafika mgeni. Nikiingia uani na pikipiki ya baba, nitakuwa nimerudi nyumbani. Dada alikuwa anakaa mbele, juu ya tangi, mimi nyuma ya baba. Nimemwambia ikiwaka tu, nakuja."

"Na isipowaka?"

Akaitazama injini. "Isipowaka, nitakuwa nipo hapa hapa."

Basi nikajua nimeitwa kufanya nini.

Akainyanyua bloku. Ilikuwa nzito, mishipa ikamtoka shingoni. Mimi nikabana. Kumbe si kazi ngeni: ni kama kubana marinda huku sindano inapita chini ya kidole, ukitetereka umeharibu. Ringi ya kwanza ikazama, ya pili ikazama. Pistoni ya kwanza ikaingia yote. Tukahamia ya pili, tukafika ringi ya mwisho.

Nilikuwa nayo kati ya kidole gumba na cha shahada. Ningelegeza kidogo tu, nani angejua? Ingenasa ukingoni, tungesikia kimlio, ningempa pole mpaka anichoke, na Bwana Mita angebaki upande wa pili wa ukuta. Nilitaka. Siwadanganyi, nilitaka mpaka vidole vikaniuma. Nikamtazama. Alikuwa amefumba macho, jasho linamtiririka, midomo inacheza. Nikaona anamwomba Mungu, masikini ya Mungu, na huko kwao kuna mwanamke amekaa anangoja. Nikabana. Bloku ikashuka mpaka chini.

Akanipikia chai, akanipa kile kikombe, yeye akanywea kwenye kopo la plastiki. Tuliongea siku ile kuliko miaka yote. Kumbe alikuwa mcheshi! Alijua kila mbwa wa mji huu kwa tabia yake, akaniigizia mmoja aliyekuwa akibweka kwa awamu, anabweka, anapumzika, anaendelea. Nilicheka mpaka chai ikanimwagikia.

Baada ya hapo nilimshonea kiti cha pikipiki, maana cha zamani panya walikuwa wamekimaliza. Nilikishona polepole, nikakifumua, nikakishona tena. Siku alipoijaribu injini moshi ulijaa uani na majirani wakatoka mbio wakidhani nyumba inaungua. Nikapiga makofi pamoja na wengine.

Siku ya kuondoka alifunga begi moja nyuma ya kiti, akavaa helmeti, kisha akaivua tena.

"Mama Cherehani. Siku ile ya ringi."

"Imefanyaje?"

"Nilikuwa naomba ikatike."

"Mbona hukusema?"

"Ningesemaje? Nilikuwa nimeshamwahidi dada. Ringi ingekatika, nisingekuwa mimi niliyevunja ahadi." Akalifuta tangi ambalo halikuwa na vumbi. "Nilidhani huenda vidole vyako vingeteleza."

"Mimi nilitaka viteleze," nikasema. "Nilivizuia."

Tukatazamana. Wazee wawili wazima, kila mmoja alikiachia kipande cha chuma kiseme kwa niaba yake. Nilitaka kumwambia abaki, na nikaona na yeye anangoja niseme. Lakini dada yake alikuwa amekwisha kumtandikia kitanda. Alinieleza mwenyewe, kwa furaha.

"Nenda," nikamwambia. "Anakungoja."

Akavaa helmeti, akaweka mguu kwenye kiki. Niliiombea igome. Niliomba kwa moyo wote, macho nimefumba, kama alivyofanya yeye.

Ikawaka kwa kiki ya kwanza. Tulikuwa tumeifunga vizuri.